Kipimo cha Chumvi

Rayya wa Wizara ya Kilimo alitumbukiza kijiti kisimani,
kijiti chenye kioo na tarakimu,
akasoma, kisha akanitazama kama daktari
anayekutafutia kiti kabla ya kusema.
Kumi na mbili nukta nne.
Nikamwambia: mwanangu, hilo ng'ombe wangu alikwishaniambia.
Amegoma kunywa tangu Ramadhani.

Hapa Suwaiq bahari haiingii kwa mlango wa mbele.
Hupita chini, chini ya barabara kuu, chini ya msikiti;
sisi twavuta maji kwa mashine, yenyewe yajaza pengo.
Mindimu ya marehemu Hamdun ilikufa ikianzia nchani,
majani yakiungua pembeni
kama karatasi iliyosogezwa kwenye mshumaa.
Ilikuwa mia na sita. Aliihesabu kila Ijumaa,
na kila Ijumaa hesabu ilipungua, naye akipungua nayo.
Nimezika mume mmoja na mindimu mia na miwili.

Rayya akafungua mfuko wa kilo moja.
Punje kama macho ya dagaa.
"Kinoa," akasema. "Kwao ni milimani, Amerika ya Kusini,
kwenye baridi na nyanda za chumvi. Hii haiogopi."
Nikanyamaza. Hata mie walinileta huku wakisema siogopi;
mwaka wa pili hakuna aliyerudi kuuliza.

Novemba tukasia, mimi na Delwar,
tukafukia kina cha ukucha.
Siku ya sita ikachomoza
nikacheka hata nikashika kiuno.
Mchicha! Wallahi mchicha,
ule wa nyuma ya jiko letu Wete,
umepanda ndege umebadilisha jina.
Delwar akachuchumaa, akafikicha jani, akanusa.
Kwao Bangladeshi, alisema, ni bathua,
gugu la shamba la ngano:
mama yake huling'oa akilaani,
na mwaka wa njaa hulipika.
Tukasimama watatu juu ya kimea kimoja,
kila mtu na jina lake mkononi,
na kimea hakikuitika hata moja.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu tulimpa chumvi siku ya kwanza.
Akainywa. Majani yakafanya unga mweupe,
kama jasho lililokauka
mgongoni mwa shati la Delwar.

Sisemi yote yalikwenda sawa.
Februari upepo ulilaza safu tisa.
Shore na shomoro wakaja ukoo mzima.
Nikafumua kaseti za Hamdun, hotuba na taarabu,
nikatandaza utepe mti hadi mti,
ukametameta, ukavuma, hausemi kitu.
Bi Shinuna akachungulia ukutani:
"Jirani, unafuga kasuku?"

Machi, kilo thelathini na moja.
Rayya aliniambia lazima zioshwe. Sikusikia.
Chungu cha kwanza kilikuwa kichungu, shubiri tupu:
kinoa na kwinini, kumbe ni ndugu!
Cha pili nikaosha maji saba,
povu likapanda kana kwamba nafua kanzu za Idi,
na maji yenyewe ya dukani, ya chupa,
kwa mmea niliouchagua
kwa sababu sina maji.
Delwar aliliona hilo. Hakusema, ila alicheka puani.

Nikaipika kwa tui,
nikatia ndimu kavu moja, nimeitoboa kwa uma,
ya mindimu minne iliyobaki.
Mjukuu wangu Azzan akachota, akatafuna, akatafuta neno.
"Bibi, ni wali uliokataa kukua."
Delwar akaongeza sahani ya pili.
Mimi nikaonja mwisho, kijiko kimoja,
nikakaa nacho ulimini, macho yamefumba.

Ilipungua chumvi.
Nikainuka kuitafuta.